Kadi Ndani ya Kofia ya Mwenzake

Majina yote ninayo. Ninawajua wote walioshindana siku ile, na baba zao, na babu zao, na mama zao walitoka boma gani kabla ya kuolewa. Siyaandiki hapa, na si kwa sababu nimesahau. Msomaji akivumilia kidogo ataona kwa nini sina tena hamu ya kuliona jina la mtu limeandikwa mahali.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu ndama wakanihitaji kuliko mwalimu. Basi kila kitu nikakiweka kichwani. Huku kwetu Tlawi ukikutana na mtu ni shikamoo kwanza, halafu anaulizwa yeye ni wa nani, na babu yake ni nani, mpaka ajulikane. Majibu yale yote niliyashika. Na kwa kuwa nilizaa wengi na kukaa sana kwenye mabenchi ya kliniki, nilishika na magonjwa yao: nani ana kifafa, nani kwinini inamziba masikio, nani akijikata damu yake inachelewa kukoma. Mgonjwa akizidiwa, ndugu zake walikuja kunichukua tukapanda naye basi mpaka hospitali ya Haydom. Wao walibeba uji na blanketi, mimi nilibeba majibu. Daktari akiuliza huyu aliwahi kuugua nini, wote walinigeukia.

Biashara ilipofunguliwa tuliona kwanza mitumba, halafu redio za kila rangi, halafu wanunuzi wa vitunguu saumu wakaanza kupanda mlima kwa pikipiki. Mkoa ulipokatwa kutoka Arusha na sisi tukaambiwa sasa ni watu wa Manyara, vijana walikuwa wanauza ng'ombe wawili wanarudi na pikipiki moja, na wazee wanauliza hiyo itazaa lini. Kofia ngumu zilikuwa chache. Kwa mawazo yetu kofia ilikuwa ya askari wa barabarani, si ya kichwa. Ilitundikwa kwenye msumari dukani, anayeteremka mjini anaivaa, akirudi anaitundika, na kesho inavaliwa na mwingine. Mtu kuwa na kofia na kumnyima jirani anayeteremka mjini, huo ulikuwa uchoyo wa kusemwa mpaka kanisani.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, nilimlea mimi. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na kichomi, akachomwa sindano ya PPF, ile penisilini. Kabla hatujafika geti la kliniki midomo ilivimba, macho yakafunga, pumzi ikawa inapiga mluzi. Nilirudi naye mbio, wakamwokoa, na daktari akaniambia maneno machache ambayo sikuhitaji kuandikiwa: huyu asichomwe PPF tena, ya pili inaweza kumuua.

Sasa, yeye akiwa ameshakuwa kijana mwenye pikipiki, wafanyabiashara wa Hanang wakaandaa mashindano ya pikipiki kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Wakaunda kamati, na kamati ikawa na mwenyekiti, katibu, na kijana mmoja wa kukagua mwenye daftari na kalamu mbili mfukoni. Katibu alikuja mpaka kwetu kueleza. Kila mshindani abandike kadi ndani ya kofia yake: jina, kundi la damu, ugonjwa alio nao, dawa inayomdhuru, ndugu wa karibu, na namba ya simu ya kupiga. Akianguka na kuzimia, nesi anamvua kofia, anasoma, anajua. Nilisema ni jambo zuri sana na bado ninasema. Vijana wakanitania.

"Bibi, sasa umestaafu," mjukuu wangu akaniambia. "Kazi yako imechukuliwa na karatasi."

Nikamwambia nashukuru, miguu imechoka na kupanda basi. Tukakaa mezani, mimi ninasema, yeye anaandika, maana mwandiko wake ni mzuri. ASICHOMWE PPF aliandika kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini. Ndugu wa karibu ni bibi. Namba ya simu akaandika ya mwenye duka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu. Baadaye nilisikia kadi zote za upande wetu zilikuwa na namba hiyohiyo, na mwenye duka mwenyewe siku ya mbio alikuwa uwanjani, simu ameiacha dukani inachajiwa.

Tulishuka Hanang kwa lori. Uwanja ulikuwa umejaa, wafugaji wa tambarare wamesimama na fimbo na lubega zao, wakizitazama pikipiki kama wanavyotazama fahali wa kununua. Njia ilizunguka uwanja, ikapita kwenye josho la ng'ombe, ikarudi. Yule mkaguzi alifanya kazi yake kwa moyo. Kila kofia aliigeuza, akaona kadi, akapiga tiki. Kadi alizikagua zote, ila mtu hakumkagua hata mmoja.

Washindani walikuwa wengi kuliko kofia. Raundi ya kwanza ilipoitwa, kijana mmoja kutoka Masieda akaja kwetu mikono mitupu. Mjukuu wangu alisita, akaniangalia. Mimi nikamwambia:

"Mpe mwenzako. Wewe si ni raundi ya pili?"

Akampa. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala.

Raundi ya pili ikaitwa kabla yule wa Masieda hajarudi, alikuwa bado anasukuma pikipiki iliyozima upande wa pili. Mjukuu wangu akakimbia kwa rafiki yake waliyesoma naye, ambaye alikwisha kumaliza raundi yake na alikuwa kwenye foleni ya nyama. Akachukua kofia yake, akaivaa, akaondoka. Mkaguzi akaigeuza, akaona kadi, tiki.

Pale joshoni palikuwa na tope. Sisi tuliona vumbi na watu wanakimbia, hatukuona nani. Baada ya muda kipaza sauti kikalia. Wakataja jina la yule rafiki na jina la babu yake, wakasema amepata ajali, hana fahamu, mama yake afike kwenye hema la huduma ya kwanza. Mama yake alikuwa karibu nami. Alianguka chini akalia kilio cha msiba. Wanawake wakamshika. Na nyuma yao mwanawe mwenyewe, na ubavu wa mbuzi mkononi, akaja anauliza kwa huruma nani amekufa.

Watu walicheka. Mimi nilianza kucheka, halafu kicheko kikakatika. Kama huyu yuko hapa na mdomo una mafuta, kofia yake iko kichwani kwa nani? Nikatazama waliokuwa wanamaliza raundi ya pili. Niliwahesabu kwa majina. Wangu hakuwamo.

Sikumbuki nilivyofika. Mlangoni mwa hema kulikuwa na kamba na kijana wa kamati. Aliniamkia vizuri, akaniambia wanaoruhusiwa ni ndugu tu. Akanitajia jina la kwenye kadi, akauliza kama ndiye mwanangu. Nikamwambia mama wa huyo yuko kule analia bure, nikainama nikapita chini ya kamba. Bibi wa umri wangu havutwi, kwa hiyo alibaki ananisihi kwa nyuma.

Alikuwa amelala kwenye machela, uso wote tope, mguu umechanika. Nesi alikuwa binti mpole, kadi iko mezani mbele yake, sindano iko mkononi.

"Shikamoo, bibi. Ngoja nje kidogo."

"Marahaba. Hiyo ni dawa gani?"

"PPF, bibi, kwa ajili ya kidonda. Usiogope, nimesoma kadi yake. Hana dawa inayomdhuru."

"Kadi ni ya mwenye kofia. Mwenye kichwa ni wangu. Usimchome."

Akatazama kadi, akanitazama mimi. Simlaumu. Alifundishwa kuamini maandishi, na yalikuwa maandishi mazuri, yana mpaka kundi la damu. Akaniuliza kwa upole nina uhakika gani, maana tope lilimfunika. Nikamwambia amfungue shati, chini ya titi la kulia kuna kovu la chai ya moto, umbo la jani la muhindi, lilitokea kabla hajaanza shule. Akafungua. Lilikuwepo.

Aliirudisha sindano kwenye sinia polepole, kama mtu anayetua yai. Halafu akakaa chini kidogo, akachukua kalamu, akaniambia:

"Haya, bibi. Niambie yote."

Nikamwambia yote, nikarudi kwenye kazi niliyostaafishwa. Akatafuta dawa nyingine. Tukapakiwa kwenye pikapu, mimi nikakaa naye nyuma nimeshika kichwa chake, na huko hospitali tulikopelekwa nikajibu maswali yaleyale upya. Alifumbua macho jioni. Sikutegemea anishukuru, lakini nilitegemea aulize pikipiki.

"Bibi," akasema, "kofia ya watu iko wapi?"

Kamati ilikaa kikao. Walikubaliana kwamba kadi zilikuwa sahihi, ukaguzi ulikuwa sahihi, na kosa lilikuwa la vijana kutoelewa maana ya neno "yake". Mimi waliniomba mashindano yanayofuata nikae ndani ya hema. Walinipa kiti cha plastiki na soda, na mkaguzi akaniandika kwenye daftari kama kifaa.

Lakini sikutaka kutegemea kiti. Niliandikisha kadi nyingine, nikaifunga kwenye nailoni, nikaishona kwa uzi wa gunia ndani ya kiuno cha suruali ya mjukuu wangu ya mashindano. Kofia watu huazimana. Suruali, nilijisemea, hakuna mtu atakayeiazima.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya mashindano, nikamkuta uani, suruali ile iko mkononi, na mlangoni amesimama yule kijana wa Masieda, yake imemwagikiwa oili yote. Mjukuu wangu alikuwa na nyingine ya kuvaa. Akasita, akaniangalia, kama mwaka ule.

"Mnyime," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemtukana mtu. Tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikitamka neno hilo. Yule kijana akainamisha kichwa, akasema hapana shida, bibi. Sikuweza. Nikaingia ndani, nikamtolea suruali ya kanisani ya marehemu mume wangu, na alipoivaa nikamsimamisha pale mlangoni nikamuuliza yeye ni wa nani, babu yake ni nani, na dawa gani inamdhuru.