Bastola ya Mzee Thonnard

Firmin Hanquet alikuwa mtu wa maneno. Alichimba makaa ya mawe tangu ujana mpaka mapafu yakamwambia basi, na pale Herstal, mji wao wa Ubelgiji, hapakuwa na mtu ambaye hakusimuliwa siku dari la mgodi lilipoporomoka. Mkewe Léontine aliisikiliza hadithi hiyo miaka nenda miaka rudi, akicheka palepale pa kucheka. Yeye alifanya kazi katika kiwanda cha silaha, idara ya kung'arisha vyuma. Alirudi jioni ananuka mafuta, akanawa, akamenya viazi. Firmin hakuwahi kumuuliza kazini kukoje. Kupiga msasa, aliona, kuna hadithi gani?

Walipostaafu, Firmin akaingiwa na hamu ya bastola ya zamani, ya toleo lile la mwanzo linalojipakia risasi lenyewe. Mama yake aliwahi kuziunda alipokuwa msichana. Jirani yao Lambert Thonnard, mzee mjane mfuga njiwa, alikuwa nayo moja, urithi wa baba yake, na alitaka faranga elfu kumi na mbili.

"Nimeiona," Firmin akamwambia mkewe. "Inang'aa kama kioo."

"Ina umri wa kukuzaa wewe, halafu inang'aa?" Léontine akasema. "Usitoe hata senti. Jumapili tunakwenda wote."

Jumapili, Thonnard akaiweka mezani juu ya gazeti, kando ya kahawa na keki ya wali. Léontine akavaa miwani. Kwanza akachomoa magazini, kile kibweta cha risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, akachungulia kama ndani mna risasi. Hamna. Ndipo akatoa bisibisi mkobani.

Firmin akabaki ameduwaa. Vidole vile alivyozoea kuviona vikikanda unga vilifungua skurubu bila kupapasa, vikapanga vipande kimoja kimoja.

"Namba ya mwilini na ya juu ni moja," Léontine akasema. "Hawajaibadilisha viungo. Muhuri wa Liège, wa kuonyesha imejaribiwa, huu hapa. Vibao vya mpini ni vyake." Akaielekeza dirishani, akapitisha ukucha juu ya maandishi. "Lakini imesuguliwa, Lambert. Tazama herufi, zimelika kingo kama sabuni iliyokwisha. Na rangi hii si ya kiwandani. Wanaokusanya hawataki mng'aro, wanataka rangi iliyotoka nayo, hata ikiwa imechakaa. Hii ni nusu ya bei yako."

Thonnard akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Firmin akaona aibu, akamgusa mkewe goti chini ya meza.

"Wajerumani walipoagiza tusalimishe silaha," Thonnard akasema hatimaye, "baba aliifukia bandani kwa kuku. Vita vilipokwisha tukaikuta imeota kutu. Akaisugua mwenyewe, jioni baada ya jioni, hapa hapa jikoni. Alidhani anaitengeneza."

Léontine akavua miwani. "Kwa mkono?"

"Kwa mkono. Na tupa ya kuazima."

"Basi alikuwa na mkono mzuri. Sisi tulikuwa na mashine, na wengine waliharibu kingo kuliko hivi." Akaurudisha mtutu mahali pake polepole. "Bei ya wakusanyaji ni elfu sita, siwezi kukudanganya. Sisi tutakupa elfu nane, kwa sababu ya baba yako. Lakini inabaki kwako mpaka Firmin apate kibali cha polisi."

"Mkeo mgumu kama jiwe, Firmin," Thonnard akasema, akawakatia keki vipande vikubwa.

"Ndiyo kwanza namjua," Firmin akajibu.

Njiani kurudi, wakipanda mlima taratibu kwa ajili ya mapafu yake, akamuuliza, "Mashine zenyewe zilikuwaje?"

"Zipi?"

"Za kazini kwenu. Za kung'arishia."

Léontine akamtazama kama anayeombwa mkopo. Kisha akaanza: mikanda iliyounguruma mpaka wakaongea kwa ishara, mwenzake Alphonsine aliyeimba ingawa hakuna aliyemsikia, msimamizi waliyemtia mafuta ndani ya viatu. Walifika nyumbani hajamaliza. Firmin akamvutia kiti, akafunga aproni ya mkewe kiunoni, akaanza kumenya viazi. Alivimenya vibaya, maganda manene. Léontine aliyaona, akaendelea kusimulia.