Nilimuandika Mama Yangu "Mugeni"

Admin, nakuomba ufiche jina langu na avenue yangu, juu watoto wa papa bailleur, mwenye nyumba yetu, wanasoma hii page kila siku.

Miye niko mama wa miaka 36, mujane, niko na watoto wawili. Kwetu ni upande wa Butembo, lakini ni mwaka wa tisa niko hapa Kisangani, nauzisha maharagi na vitunguu ku soko. Wenye wananijua wanajua niko na mudomo. Mutu akigusa kipimo changu, soko yote inasikia. Njo maana hii haya inaniua zaidi.

Tunapanga vyumba viwili mu parcelle, kiwanja cha papa moja, muzee wa kanisa, si mulevi, si mutu wa matusi. Vita ilipokuwa kali kule kwetu, aliita wapangaji wote akatusomea sheria mupya: mugeni asipitishe siku tatu, na kila mugeni aandikwe mu cahier, daftari yake, mupangaji atie signature. Alisema, "Askari wakikuta mutu asiyejulikana hapa kwangu, hawatakamata weye, watakamata miye." Wote tukajibu ndiyo papa. Na miye pia.

Nyuma ya wiki mbili mama yangu akafika. Alikimbia na kikwembe na sac moja, siku kumi na moja ya njia, miguu imevimba. Hatukuonana tangu maziko ya bwana yangu. Papa bailleur alikuwa pa mulango wa parcelle na cahier yake. Akauliza, "Huyu ni nani, anatoka wapi?" Ndugu zangu, niliogopa. Siku hizi kila mutu anatoka upande wa vita anaangaliwa mara mbili. Nikawaza, nikisema ni mama, atajua amekuja kukaa, atatufukuza wote. Nikajibu haraka haraka, "Ni mugeni, papa. Anapita tu." Akaandika. Nikatia signature. Mama alikuwa nyuma yangu, anasikia.

Hakuniuliza kitu. Lakini tangu ile siku alikuwa mugeni kweli. Anafika pa mulango wa jikoni yangu, anasema "Hodi." Mama mwenye alinizaa! Anangoja nimuambie karibu ndipo aingie. Namuambia, "Mama, acha hii mambo." Ananijibu na upole, "Mugeni ni adabu, binti yangu." Vitu yake haitoi mu sac. Na watoto, Mungu anisamehe, niliwafundisha wasimuite koko, bibi yao, wakiwa inje, wamuite maman tu, kama mama ya jirani.

Kila siku ya tatu, asubui, anafunga sac, anaenda kulala pa paroisse, kule kanisani, na wakimbizi wengine. Kesho yake anarudi, tunaandika tena "mugeni". Tuliona ni akili. Tulifanya vile miezi miwili. Bon, hii wiki papa bailleur akafungua cahier mbele yangu.

"Mama, wazee walisema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Huyu wako angekuwa amelima mpaka kule mbali Bengamisa! Jumapili, nyuma ya misa, aende. Kama haendi, mutoke wote."

"Papa, nitamupeleka wapi?"

"Kwao. Si ulisema anapita?"

Nikabeba beseni yangu ya vitunguu, nikatoka.

Ku chorale, kwaya yetu, kuko papa moja alisomea sheria. Nikaenda kumuona. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Ile sheria ya siku tatu ni ya wageni. Muzazi haiko mugeni. Ukipanga nyumba, unapanga na familia yako. Na hata akitaka mutoke, hawezi kuwatupa inje kwa siku mbili, lazima awape muda. Donc shida si bailleur. Shida ni cahier. Nani alisema mugeni?"

Ni miye. Signature yangu iko pale mara ishirini. Nikisema leo ni mama yangu, atauliza nilikuwa naficha nini, na anaweza kupeleka ile cahier kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Mu hii vita, uongo juu ya mutu anatoka kule si muchezo.

Alafu jana. Mutoto wangu mudogo anarudi ku masomo, anapiga kelele katikati ya parcelle: "Koko! Koko, nimepata bien ku mutihani!" Papa bailleur alikuwa anafagia pa mulango wake. Akasimama. Akamuangalia mama, akaniangalia miye. Akauliza na sauti ndogo, bila hasira hata kidogo, "Mama, huyu ni mujukuu wako?"

Ningeweza kusema pale pale. Mama akanitangulia. Akacheka, "Aaah, papa! Watoto wa siku hizi wanaita kila muzee koko. Miye niko mugeni tu." Na miye, mama wa mudomo, nikaangalia majani yangu ya sombe mu kinu, nikaendelea kutwanga. Papa akarudia fagio yake.

Padri akisomaka ile ya Petro na jogoo, nilikuwa namulaumu Petro. Kumbe!

Leo ni Jumamosi. Sac iko pa mulango, imefungwa. Nilimuambia mama nitaongea, akakataa: "Usipoteze nyumba ya watoto juu yangu. Mugeni anajua njia." Paroisse imejaa, watu wanalala mpaka ku veranda, mvua inanyesha, na yeye iko na kikohozi. Kesho nyuma ya misa nisimame mbele ya ule papa na cahier yake niseme ukweli, hata kama tutalala inje wote wanne? Ama nimuache aende? Wenye munajua sheria, na wenye mungali na mama, munishauri leo, kesho itakuwa imechelewa.

Naandika hii mu jikoni. Mama iko pa mulango sasa hivi, anasema hodi. Nimujibu nini?