Udongo Uliorudishwa Mlimani

Nilikuwa na wazimu wa Ulaya, sikatai. Siku lile tangazo lilipobandikwa ukutani pale chuoni kwetu Kampala, kwamba mwanafunzi mmoja wa Tanganyika atalipiwa miaka miwili ng'ambo afanye utafiti wa kilimo, usingizi uliniruka. Wenzangu bwenini walichoka kunisikia. Nilianza hata kutembea kama mtu aliyevaa koti zito, na jua linawaka, jamani!

Fomu ilitaka mwombaji aeleze utafiti alioanza kwa mikono yake mwenyewe. Wangu ulikuwa nyumbani Maguu, kwenye shamba la mama, ambalo limeinama kiasi kwamba ukiangusha boga huku juu utalikuta kwa jirani. Kwetu milima hulimwa ngolo: mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, na kingo zake zimelaziwa nyasi chini ya udongo, ili mvua iingie shimoni itulie, isiondoke na shamba. Bwana shamba wetu wa wakati ule, siku za Mwingereza, alizicheka akisema ni ushamba. Mimi nikasema ngoja, nitamwonyesha. Nikagawa shamba nusu kwa nusu: kushoto ngolo, kulia nikalima sesa, bapa kabisa, bila shimo wala tuta. Chini ya kila upande nikachimba mtaro wa kukamata udongo utakaoteremka na mvua. Mama nikamwagiza jambo moja tu: "Usiguse kitu. Nikirudi nitapima mwenyewe." Akaitikia, nami nikarudi chuoni kabla ya mvua.

Baada ya Pasaka ikaja barua. Tumebaki wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja, na profesa wa huko huko Ulaya anapita Nyasa kwa meli. Atashuka Mbamba Bay, apande mpaka kwetu alione shamba kwa macho yake, ndipo aamue. Nililia kwa furaha mbele ya mpishi wa chuo, mwiko ukiwa mkononi mwake. Nikasafiri kwa malori, juu ya magunia, nikiimba njia nzima mpaka utingo akaniuliza kama naenda kuoa.

Nilifika siku moja kabla ya mgeni. Ndani hata sikuingia. Nilisema "Shikamoo mama!" huku nimeshapita, nikatimka mbio shambani.

Lo! Upande wa kulia umechimbwa ngolo tupu, nzuri kuliko zangu za kushoto, na maharage yamechipua kingoni. Mitaro yote miwili ilikuwa mitupu, imefagiliwa kama ua wa padri. Nikakaa pale pale mpaka mama aliponifikia.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuokolea shamba," akasema, mikono kiunoni, anacheka. "Ulilima vibaya, mwanangu. Watu wakienda kanisani wanapita hapa wananiuliza, huyo msomi wako amerogwa? Mahindi yamelala, udongo unaporomoka. Mimi nikae nautazama tu?"

Nikamweleza kwamba bila upande mbaya sina cha kulinganisha, na safari ataipata yule mwingine. Kisha akaenda kupika ugali na usipa, dagaa wa Nyasa, nami nikala huku machozi yananichuruzika, maana njaa nayo haikuwa na habari na matatizo yangu.

Profesa alifika kesho yake mchana, mwekundu, anahema, kaptura imejaa vumbi. Mama alikuwa amemwita shangazi yangu na majirani watatu, kwa sababu kwetu mgeni hapokelewi na mtu mmoja. Nikakiri yote kwa Kiingereza. Yule mzee akachungulia mitaroni, akaniuliza udongo uliokuwamo umekwenda wapi.

Nikamgeukia mama.

"Si tuliurudisha juu!" akasema. "Kila baada ya mvua kubwa tuliuzoa kwa madebe, tukaubeba kichwani, mimi na hawa unaowaona, kwa ngokela."

Ngokela ni ile kazi ya kusaidiana, leo shamba langu, kesho lako, na mwenye shamba anatoa pombe. Profesa akataka kujua walibeba madebe mangapi. Nikamwonea huruma, nikijua hakuna aliyeandika. Kumbe sikuwajua wanawake wa kwetu! Kwenye ngokela kila mmoja anashika kichwani kazi ya mwenzake, maana ukinipunja leo, kesho nami nitakuja kwako na uvivu ule ule.

"Mvua ya kwanza mimi nilibeba tisa," shangazi akaanza.

"Tisa wapi?" jirani mmoja akadakia. "Saba! Mawili alibeba binti yako."

"Wewe uliyeshinda unasugua mguu ndiye wa kunihesabia mimi?"

Weee, moto ukawaka! Mvua baada ya mvua, debe baada ya debe, walibishana, wakasutana, wakaapa kwa Mama Maria, na walipokubaliana hapakuwa na wa kuwatikisa. Mtaro wa ngolo? Msimu mzima debe moja halikujaa. Mtaro wa sesa? Walifika mia mbili na kitu, na ugomvi haujaisha. Mimi natafsiri mbio mbio, profesa ameketi udongoni anaandika, anacheka mpaka kofia inamdondoka. Alisema hajapata kuona daftari linalogombana. Akaomba debe lenyewe, akalipima juu na chini.

Jua lilipoinamia upande wa ziwa akafunga kitabu, akanipa mkono. Nafasi ni yangu. Niliruka! Nikamkumbatia profesa, nikamnyanyua shangazi, nikarudi nyuma nikatumbukia kwenye shimo la ngolo, miguu juu. Wanawake wakapiga vigelegele hata kabla ya kujua ni vya nini.

Profesa alikuwa na swali moja lililobaki. Alikuwa amesoma kwamba huku kwetu kuchimba ni kazi ya wanawake, lakini kufyeka nyasi na kuzilaza ni kazi ya wanaume. Je, hizi za upande wa kulia alizilaza nani?

Nikatafsiri ningali shimoni, nacheka. Baba alikwisha fariki. Mwanamume wa nyumba ile nilikuwa mimi.

"Mwambie ni mimi," mama akasema. "Nilikungoja mpaka mwezi wa tatu unakwisha. Kila nikisikia lori, nasema ndiye."

Kicheko kikanikauka. Nikatoka shimoni, nikamwambia, "Mama, amesema naenda. Miaka miwili."

Akanikung'uta udongo begani, taratibu, kwa kiganja kilichokatwakatwa na nyasi.

"Basi nenda," akasema. "Kulaza nyasi nimeshajua."