Mita Moja, Milango Minane

Kwa miaka sita nilichemsha maharagwe Kyebando, mtaa wa mji mkuu wa Uganda, na kuyauza kwa kikombe. Wateja wangu walikuwa majirani, waendesha boda, mafundi cherehani, wanawake waliorudi kutoka soko la Kawempe wakiwa hoi. Kila mmoja alikuwa na sufuria yake nyumbani, na maharagwe makavu yalipatikana duka lolote. Kilichowashinda ni makaa. Maharagwe yanataka moto wa saa tatu, na moto wa saa tatu ulikuwa umegeuka kuwa kitu cha kujipangia kama karo ya shule. Basi walikuja na bakuli, nikawapimia, wakaenda kuyaunga kwa vitunguu na nyanya juu ya moto mdogo.

Tuliishi kwenye safu ya vyumba vinane, vile ambavyo hapa huitwa muzigo: mlango mmoja, dirisha moja, na ukuta wa jirani ndio wako. Mimi na mama yangu tulifika hapo kutoka Kivu, na karatasi zetu za ukimbizi tulizihifadhi ndani ya Biblia. Chumba kilichofuata kilikuwa cha mjane wa askari polisi, mtu wa kaskazini, upande wa Gulu. Kiswahili chake alikipata kwenye kambi za polisi, changu kilitoka Kongo, lakini tulielewana tangu siku ya kwanza. Nilimwita Mama, naye aliniita mdogo wangu.

Mwaka ule serikali ilipozuia malori ya makaa yasitoke kaskazini, bei ya gunia ilipanda hadi wachuuzi wenyewe waliitaja wakitazama pembeni. Nilirudi nyumbani na kaveera kamoja, kamfuko ka plastiki, ka makaa, nikakatupa kwa hasira mbele ya sigiri, jiko langu la makaa.

"Wameamua tufe njaa," nikasema.

Jirani yangu alikuwa anaanua nguo. Alisimama na shuka mkononi. "Mdogo wangu, hii makaa unajua inatoka wapi?"

"Kaskazini."

"Inatoka kwa mlango ya mama yangu. Kuna mti ya mafuta, sisi tunaita yaa. Bibi yangu alikuwa anaokota matunda yake, anakamua mafuta, anatupaka sisi watoto. Sasa nikienda nyumbani naona visiki tu. Mimi nimefurahi wamesimamisha lori."

Kwa miaka sita nilikuwa nachoma miti ya watu bila hata kujiuliza ilisimama wapi. Yeye akakunja shuka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mimi pia leo sina makaa." Jioni hiyo tulipika kwenye sigiri moja, viazi vyake na vyangu pamoja.

Umeme tulikuwa nao, ila ulikuwa wa taa na simu. Mita ilikuwa moja, ukutani kwa mzee mwenye nyumba, nasi sote vyumba vinane tulichanga kuununua kabla ya kuutumia. Dada wa chumba cha tatu aliwahi kuleta jiko la koili, na ndani ya wiki moja tulikuwa tumegombana vibaya, kwa sababu umeme uliisha mapema kuliko tulivyozoea. Mzee akapiga marufuku kupikia.

Ndipo gari la matangazo likapita mtaani na kipaza sauti, likisema watu wa serikali wanaopanga bei ya umeme watakuja kwenye ukumbi wa shule kusikiliza wananchi kuhusu umeme wa bei nafuu wa kupikia. Nilisema siendi. Mkimbizi atasema nini kuhusu umeme wa Uganda? Jirani yangu alikuwa tayari amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. "Wewe unapika kuliko sisi wote hapa," akasema. "Vaa viatu."

Ukumbi ulijaa. Mbele, juu ya dawati la mwanafunzi, waliweka presha kuka ya umeme, sufuria inayopika kwa mvuke uliobanwa, nyeupe, ndogo kuliko sufuria yangu. Msichana mmoja akamimina ndani maharagwe makavu, ambayo hayakulowekwa. Niliyaangalia kwa makini, kwa maana hiyo ndiyo kazi yangu na nilikuwa nangoja kuona ujanja uko wapi. Akafunga kifuniko, akabonyeza. Watu wakaendelea na hotuba zao. Mimi sikusikia hata moja. Nilikaza macho kwenye chombo kile, kisichotoa moshi, kisicho na mtu wa kukipepea.

Kabla ya saa moja kwisha, msichana yule alitoa mvuke, akafungua, akaomba mtu aje aonje. Nilijikuta nimeshafika mbele. Nilibana punje moja kati ya vidole viwili, ikapondeka kama siagi. Niliweka kiganja ubavuni mwa sufuria, na nje ilikuwa vuguvugu tu. Nilitazama ndani, nikatazama waya uliokwenda ukutani, nikatazama tena ndani. Sijui niseme vipi. Nilipokuwa mtoto nilibeba kuni mgongoni kwa ajili ya chungu cha maharagwe, na sasa moto wote ule ulikuwa umepita kwenye uzi mwembamba, bila mti hata mmoja kuanguka mbele yangu. Machozi yalinijia, nikaona haya mbele ya watu.

Afisa aliyesimamia mkutano, mama wa makamo aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, akauliza kwa Kiluganda kama nina neno. Nikajibu kwa Kiswahili, kwani hicho ndicho kilichokuja. Baadhi ya watu walicheka. Kiswahili mjini humu bado ni lugha ya wanajeshi na wageni. Yeye hakucheka. Akasema, akiniita mama kwa Kiluganda, "Endelea, nnyabo. Nakisikia."

"Sufuria hii ni nzuri," nikasema. "Lakini kwetu milango ni minane na mita ni moja. Mkiipa mita hiyo umeme wa bei nafuu, mmempa nani?"

Afisa akaacha kalamu. "Rudia hiyo," akasema. Nikarudia. Ndipo akatueleza sote jambo ambalo tulikuwa tunaliishi bila kulijua: kila mwezi, sehemu ya kwanza ya umeme ni ya bei ya chini kwa ajili ya wasiojiweza, ikiisha bei inapanda. Sehemu hiyo ilipangwa kwa mita, siyo kwa familia. Mtu anayeishi peke yake na mita yake alipata yote. Sisi familia nane tulikuwa tunaimaliza ndani ya siku chache, halafu sote maskini tunanunua kwa bei ya juu hadi mwisho wa mwezi.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe Kyebando, kwa miguu kutoka barabarani, viatu vyake vimejaa matope. Aligonga kila mlango. Alimuuliza kila mtu anapikia nini, anakula mara ngapi. Mzee mwenye nyumba alimpokea kwa mashaka, akidhani amekuja kumshtaki.

"Mzee, sikukuletea kesi," afisa akamwambia. "Nataka ruhusa ya ukuta wako."

"Ukuta?"

"Nafasi ya mita nane za umeme."

Mzee alicheka kwanza. Kisha akauliza kama yeye ndiye atakayetafutwa umeme ukiisha vyumbani. Alipoambiwa hapana, kila mtu atajinunulia mwenyewe, alisimama akiwaza, na mwishowe akasema ukuta wa upande wa jua la asubuhi ni imara zaidi.

Miezi ilipita. Niliendelea na sigiri yangu, nikachanganya makaa na vitonge vya vumbi la makaa na udongo, nikapunguza wateja. Nilikuwa nimeshakata tamaa afisa yule aliponipigia simu niende mjini pamoja na jirani yangu, kusikiliza rasimu ya mpango mpya wa bei ya umeme ikisomwa. Tulikaa nyuma, kwenye viti vya mito laini, tukiogopa kuvichafua. Kijana mmoja alisoma kurasa kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa naokota neno hapa na pale. Ghafla jirani yangu akanishika goti kwa nguvu.

"Ni wewe," akanong'ona.

"Mimi nini?"

"Anasoma maneno yako. Anasema nyumba za wapangaji, milango mingi, mita moja. Anasema bei nafuu ifuate mlango."

Nchini kwetu niliwahi kuona amri ikishuka kutoka juu na kuhamisha kijiji kizima. Sikuwahi kuona neno likipanda. Neno langu, tena la lugha iliyochekwa, lilikuwa limetoka Kyebando, likapita kwenye mikono ya watu nisiowajua, na sasa limekaa kwenye karatasi yenye nembo, likisomwa kwa sauti na mtu asiyejua kuwa mimi nipo mle ndani.

Mafundi walipokuja, walifunga visanduku vinane ukutani kwa siku mbili. Mtaa wetu ulikuwa miongoni mwa michache ya majaribio. Presha kuka zilikuwa zimepunguzwa bei na serikali kwa wenye mita mpya, na mimi na jirani yangu tulianza na moja tuliyotumia kwa zamu. Fundi alipowasha, taa ndogo za kijani ziliwaka moja baada ya nyingine kwenye ukuta mzima. Watu wazima tulisimama pale tumekunja mikono kama walio kanisani. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumiliki kitu chenye jina lake tangu tuvuke mpaka, aliomba asomewe jina kwenye karatasi ya mita yetu. Nilimsomea. Akaomba nirudie.

Si kila kitu kilinyooka. Umeme bado hukatika mvua ikinyesha, na ndizi za matooke bado nazipika kwenye sigiri kwa sababu zinakataa ladha nyingine. Biashara yangu ya vikombe ilikufa taratibu: majirani walianza kuchemsha maharagwe yao wenyewe. Sasa nauza chapati na chai asubuhi kwa waendesha boda. Mama mmoja wa Kasubi, mtaa mwingine wa mji huu, aliyesikia habari zetu kanisani, alinijia akasema kwao milango ni kumi na miwili na mita ni moja. Tulipanda boda pamoja hadi ofisini, na alipoanza kuongea, afisa yule alivuta kiti chake karibu.