Nilivyoiacha mbovu bastola ya rangi ya Mama Feza, Kalemie enzi za Zaire

Wakuu, salamu kwenu nyote humu. Hili nimekaa nalo tangu nchi yetu ikiitwa Zaire, na leo nalisema lote, hata pale linaponiaibisha.

Jana kijana mmoja alilalamika marker yake ya paintball, ile bastola ya kurusha vidonge vya rangi, ina misfire. Mara inapiga vizuri, mara risasi inadondoka miguuni. Mkamjaza ushauri, huyu gesi, yule spring. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba bastola ya aina hiyo ndiyo iliyoninyima mke.

Msidhani ni kitu cha juzi. Sisi Kalemie tuliiona kabla hatujasikia kwamba ni mchezo.

Kule milimani juu ya Moba kulikuwa na ferme moja, shamba kubwa la ng'ombe. Ng'ombe wale wakali, humsogelei mmoja na brashi mkononi. Kwa hiyo wa kuuzwa walipigwa kidoa chekundu kwa mbali, kwa bastola hiyo ya rangi, na wachungaji wakajua yupi ashuke hadi kwenye boti ya ziwani aje Kalemie kuchinjwa.

Mwenye bastola alikuwa Feza, msaidizi wa daktari wa mifugo. Mtu wa Kongolo, mrefu, mcheshi, buti zake zina matope saa zote. Kila boti ikileta ng'ombe, naye anashuka nayo.

Mimi nilikuwa na atelier, karakana ndogo karibu na gare, stesheni ya treni, natengeneza pompu za baiskeli na vyerehani. Nilikuwa kijana bado, sina mke. Nilimwita Mama Feza kwa heshima, kama tunavyoita kwetu, na heshima hiyo ikaniziba mdomo kabisa.

Siku ya kwanza aliponiletea bastola, valvu ilikuwa inavuja. Nikakata wosha ya ngozi ya pompu ya baiskeli, nikailoweka kwenye mafuta ya mawese, nikapaka mawese hayo hayo kwenye nyundo ya ndani na spring. Wengi wetu tulifanya hivyo, mafuta ya mashine yalikuwa adimu. Nikapiga ukuta wa jirani. Kidoa safi.

Boti iliyofuata, akarudi.

"Fundi, kule juu inakataa. Hapa kwako ndio inakubali. Iko inakuogopa?"

Nikafungua, sikuona kitu. Nikapiga, inapiga. Nikasafisha, nikapaka mawese tena, akaondoka. Akarudi tena. Ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nafungua bastola, yeye anakaa kwenye benchi anakula karanga na kunisimulia baridi ya kule. Wakuu, nilianza kusikiliza honi za boti hata nikiwa kanisani.

Safari ya nne nilimuuliza, inakataa saa ngapi?

"Asubuhi tu. Saa sita iko inapiga muzuri."

Halafu akaendelea na hadithi zake, jinsi kupika kule kulivyo kazi.

"Asubuhi mawese inaganda kama sabuni. Lazima kuweka chupa karibu na moto."

Mkono wangu ulisimama. Nilielewa palepale. Mawese yakiganda, nyundo inakwenda polepole, inafika kwenye valvu bila nguvu, gesi inatoka kidogo, risasi inadondoka. Timing yote imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Dawa yake ni kufuta mawese na kutia mafuta mepesi ya cherehani. Kichupa changu kimoja cha mafuta hayo kilikuwa mbele yangu, kwenye rafu.

Nikapaka mawese.

Nilijiambia imrudishe kwangu safari moja tu. Akija tena namwambia ya bastola na ya moyoni kwa pamoja. Nilishaanza hata kupanga maneno.

Boti ikaja. Akashuka mwanaume nisiyemjua, na bastola.

Akanieleza kwamba siku ya kuchagua ng'ombe ilianza alfajiri, bastola ikakataa, vidoa vikawa hafifu, wachungaji wakachanganya. Majike yenye mimba yakashushwa na kuchinjwa. Patron, mwenye ferme, akamfukuza Feza kazi.

Nikamuuliza yuko wapi sasa.

"Alirudia kwao Kongolo. Alipita hapa Kalemie, akangojea treni siku tatu."

Siku tatu, wakuu. Kutoka gare hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika mbili.

"Aliacha neno: ambia fundi ni mawese. Ye anajua."

Aliuona mkono wangu ulivyosimama alipotaja mawese.

Kijana wa jana, fundisho lako ni hili: kama inapiga mchana na kukataa asubuhi, usikimbilie spring. Futa grisi yote, tia mafuta mepesi, jaribu tena kwenye baridi.

Fundisho langu mimi ni kwamba mwanamke ukimpenda unamwambia. Huachi chombo chake cha kazi kibovu ili kimrudishe kwako. Nimeoa baadaye, nina wajukuu, sina malalamiko. Lakini nikipita gare natazama ile benchi ya abiria, najiuliza alikaa upande gani, na kama hata mara moja alisimama akataka kuja.

Haya, nisemeni mtakavyo, nimestahili. Ila wanawake wa humu mnijibu kwa ukweli: ningekwenda Kongolo, angenifungulia mlango?