Mti wa Kushikia kwa Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi, na Mukhisa Wekoye hajagusa nyundo. Ameketi kwenye kigogo nje ya nyumba ya Mzee Kibiwott, maili chache kutoka mjini Kitale, kikombe cha chai mkononi, akimtazama mwenye nyumba anavyotoka mlangoni kwenda chooni.

"Rudi tena, mzee," anasema. "Tembea vile unatembeanga kila siku. Usinionyeshe mbio."

"Wewe umekuja kujenga ama umekuja kuniangalia?" Mzee Kibiwott ananung'unika.

"Nimekuja kukuangalia. Kujenga ni baadaye."

Mzee anarudi, na safari hii anajisahau. Akifika kwenye kizingiti anapapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, anautegemea kidogo, halafu anavuka. Mukhisa anaweka kikombe chini na kwenda kuchora alama ya mkaa palepale kiganja kilipogusa. Sasa kazi imeanza.

Mukhisa, mwenye umri wa miaka 47, huwawekea wazee miti ya kushikia: kando ya mlango, karibu na kitanda, na kwenye njia ya chooni ambayo mvua za Aprili huigeuza kuwa utelezi mtupu. Hupunguza vizingiti virefu na kuinua vitanda vilivyo chini mno. Kwa nyumba moja hulipwa shilingi mia tatu, na asiye na pesa hutoa mahindi. Mwaka huu wa 1994 ameitwa kutoka Kimilili hadi Naitiri, na hulalamika kwamba wateja wamezidi, ingawa uso wake haulalamiki hata kidogo.

Zamani mbao zake zilikuwa za ng'ombe. Alikuwa fundi wa ua katika shamba kubwa la Trans-Nzoia, akijenga vichochoro vya kuwapitishia ng'ombe kwenda dip, josho la dawa ya kupe. Shamba lilipogawanywa mwaka 1987, alirudi kwao Kimilili na msumeno wake. Ndiyo maana Mzee Kibiwott alipoziona nguzo zikishushwa uani kwake alikuja juu: "Unanipeleka dip?"

"Wote wananiuliza hiyo," Mukhisa anasema. "Nawaambia, ng'ombe mimi sikuwa namuuliza anataka mti wapi."

Ukitaka kujua kwa nini haanzi kazi mpaka amwone mtu akitembea, hucheka kwanza, kisha huona haya. Jibu ni mama mkwe wake.

Mama Wilkista, mjane wa Matulo, aliteleza wakati wa mvua za mwaka 1988 akitoka nyumba kubwa kwenda jikoni, akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe, karani mjini Kitale, akataka kumhamishia kwake. Mama akakataa katakata. Ng'ombe wake angemwachia nani? Na kaburi la mumewe? Mwana akamwonya: akianguka tena, gari litakuja, na halitarudi tupu.

Mukhisa akajitolea kumwekea mti wa kushikia ukutani. Tatizo ni kwamba kwa Wabukusu wa rika la mama huyo, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawashikani mkono, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Basi siku ya kazi mama alikwenda kushinda kwa jirani. Fundi akaingia kama mwizi wa mchana, akachukua kipimo kwa mkewe, Nekesa, kwa kuwa kila mtu husema amefanana na mamake, akapiga misumari, akatoweka.

"Ilikuwa kazi safi," anasema. "Nilipiga msasa mpaka mti ukawa laini kama kiti ya kanisa."

Mama alituma shukrani na jogoo. Mukhisa akamla jogoo kwa raha zake.

Miezi mitatu baadaye mama alianguka tena, hatua moja kutoka kwenye mti ule, bila kushika chochote. Nekesa alipofika alikuta leso mbili zimeanikwa juu ya mti.

"Ati umekuwa wa kuanikia nguo!" Nekesa anasimulia. "Nikamuuliza, mama, si hii ni ya kushika? Akaniambia, mkono wa kulia ndio ulivunjika, haushiki kitu. Na mti uko juu, mimi nimeinama. Nikasema, sasa mbona hukusema? Akanishangaa mimi. Ati nitamwambiaje mkwe wangu kazi yake ni mbaya?"

Mukhisa habari hiyo ilimchoma. "Nilikula jogoo ya mtu nimemwangusha," anasema, na hapa hacheki.

Gari la Kitale lilifika Jumapili. Mama alikuwa kitandani, nyonga imevimba, na mwanawe alikuwa ameshaanza kufunga sanduku. Mukhisa, ambaye hakuweza kuingia ndani, alisimama nyuma ya nyumba, akamwita shemeji yake nje, akakiri kosa na kumwomba muda hadi Krismasi. Shemeji alikubali shingo upande.

Mama alipoweza kusimama tena, Mukhisa alivuta kigogo akaketi nje ya ukuta wa udongo. Mama alikuwa ndani, na Nekesa mlangoni kama mkalimani. Kila neno lilisikika pande zote mbili bila msaada wake, lakini heshima ni heshima.

"Mwambie mama agonge ukuta mahali mkono wa kushoto unafika," Mukhisa alisema.

Mama akagonga. Fundi akatega sikio, akachora alama ya mkaa upande wake. Mama akasogea, akagonga tena. Hivyo ndivyo walivyoizunguka nyumba, yeye ndani na mkwe nje.

"Mwambie aende polepole."

"Mwambie mimi sina haraka," sauti ikajibu ndani. "Ni yeye yuko na haraka."

Siku mama alipokwenda kanisani, Mukhisa alizihamishia alama zile ndani, chini kuliko mwanzo na upande wa kushoto, kisha akaendeleza mti hadi jikoni. Krismasi ilipofika, mama alitoka kumpokea mwanawe, kiganja kikiteleza juu ya mti. Hakuna aliyetaja sanduku. Tangu hapo hajaanguka, na wateja wa kwanza wa Mukhisa walikuwa wenzake mama wa kanisani, ambao waliusikia mti huo ukisifiwa mpaka wakachoka.

Lakini miaka haimsubiri mtu. Macho ya mama yamefifia, magoti yamekuwa mazito, na hivi karibuni amejikwaa mara mbili. Miti inahitaji kuwekwa upya, na safari hii kugonga ukuta hakutoshi. Mukhisa alilijua hilo na hakuthubutu kulisema.

Aliyelisema ni mama mwenyewe. Wiki iliyopita alimtuma Nekesa: "Mwambie mkwe wangu nimezeeka. Mimi simuoni vizuri, lakini yeye anione. Aje anitazame nikitembea."

Wazee wa pande zote mbili wamekubali heshima ile ifunguliwe, ili wawili hao waonane na kusalimiana kwa mkono kwa mara ya kwanza. Siku ni Jumamosi moja baada ya mavuno. Kutakuwa na mbuzi, na Mukhisa ameshanunua blanketi atakalomfunika mama mabegani. Mkewe anasema tangu alinunue hulikunjua na kulikunja upya kila jioni.

Kwa Mzee Kibiwott mti umekamilika. Mukhisa ananing'inia hapo kwa uzito wake wote kuupima, anaridhika, na kukusanya vifaa. Anakiri kwamba Jumamosi hiyo inamtia hofu kuliko kazi yoyote.

"Nimefikiria sana hiyo salamu," anasema. "Kwetu kumpa mtu mkubwa mkono wa kushoto ni matusi. Watu watashangaa, wengine watakasirika. Lakini wake wa kulia haushiki, na mimi ndio najua. Nitampa wa kushoto."