Walinituma Nikachukue Sare

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Binti wa rafiki yangu alipata mimba akiwa kidato cha tatu, na wazee wa kanisa letu hapa Hasamba wakamtenga nani? Mama yake! Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe kwaya. Eti mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na baba wa kijana aliyempa mimba? Jumapili hiyohiyo alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kwaya akaniita pembeni. "Dada, wewe ndiye mtu wake wa karibu. Kachukue sare yetu."

Yetu! Jamani, sare zote za kwaya alizishona yeye, kwa cherehani yake mwenyewe. Vitenge tulikwenda naye Tunduma kuvichagua, akabishana na mama mmoja wa Kizambia mpaka wote wawili wakacheka. Na mwanangu alipolazwa, yeye ndiye aliyelala nami sakafuni wodini, kisha asubuhi akawahi kuchuma kahawa yangu isije ikadondoka. Na mimi, mjinga mimi, badala ya kusema siendi, nikaenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilimkuta barazani. Aliingia ndani akatoka na sare imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Alijua kuna mtu atakuja kuichukua. Hakujua kwamba watanituma mimi.

Akanikaribisha uji, kisha macho yake yakatua kwenye bega la sare yangu ya kwaya, niliyokuwa bado nimeivaa.

"Hebu geuka. Mshono umefumuka hapo. Utasimamaje mbele za watu hivyo? Vua."

Akanipa dera lake, akakaa kwenye cherehani. Nikaketi na sare yake mapajani, yeye anashona yangu. Nililia kwa hasira. Miaka yote tunaimba kubebeana mizigo, kumbe ni midomo tu!

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza bwana, utanifanya nijichome sindano," akasema, naye machozi yanamtoka.

Alipomaliza sikuivaa. Nilirudi kanisani na dera lake mwilini, nikamwekea mwenyekiti sare mbili mezani.

"Ebo! Hii ya pili ya nani?"

"Yangu," nikamwambia. "Bega lilikuwa limefumuka. Huyo mliyemtenga amelishona sasa hivi."